Kikundi cha Ukoo wa Kalinga: Mama Neema kaingia duka la oganiki

Edo (Dar): Shikamoo Shangazi, habari za Ujerumani, hongereni tena kwa mjukuu. Nina ombi, ukirudi tubebee spirulina ya vidonge na unga wa mlonge wa oganiki kwa ajili ya Baba, kuna jamaa kazini alimletea mama yake kutoka hukohuko anasema sukari imeshuka kabisa na dawa za hospitali kaachana nazo. Hela namtumia Neema leo leo

Mama Neema: Marahaba mwanangu. Mlonge wa kutoka Ujerumani Edo?? Si umejaa hapo Kimara kwenye fensi za watu

Edo: Ule haujapimwa Shangazi, wa huko una lebo

Mama Neema: Haya, kesho naenda na Neema nikaone kwa macho yangu. Ila hilo la kuachana na dawa sijalipenda, tutaliongea

Baba Edo: MAMA NEEMA LETE TU. VIDONGE VYA HOSPITALI VINANIVURUGA TUMBO. CHA ASILI NI BORA

Joyce: Baba shikamoo. Tafadhali usiache kumeza, nakupigia nikitoka zamu 🙏

---

Mama Neema: Jamani ndo tumerudi. Tulianzia sokoni pale mbele ya kanisa kuu la Freiburg, Münsterplatz wanapaita, soko zuri mno, mama mmoja kanionjesha tufaha na akanambia lilichumwa shamba gani na lini, hapo sina neno. Shida ilianza dukani. Kila pakti ina jani la kijani lililochorwa kwa nyota, Neema kasema ndo alama ya Umoja wa Ulaya kwamba shamba lilikaguliwa. Nikakuta ubuyu, ubuyu huuhuu, umesagwa umetiwa kwenye pakti nyeusi ya gramu 200 karibu euro 10, hiyo ni elfu 28 hivi ya kwetu. Nikamuuliza dada muuzaji unasaidia nini, Neema anatafsiri, akaanza kinga ya mwili, ngozi, tumbo, uchovu, nikamuuliza na sukari je? Akasema wateja wengi wanasema unasaidia. Wateja wanasema! Nikamwambia Neema mwambie mimi na kaka yangu tumemumunya ubuyu tangu shule ya msingi na sukari kaipata vilevile. Dada wa watu akanyamaza, mpole kweli, nadhani hata yeye hajawahi kuulizwa

Shangazi Rehema (Mafinga): Elfu 28 ubuyu?? Na hauna hata rangi wala iliki

Mama Neema: Hauna kitu, mweupe pee. Neema anasema Ulaya waliuruhusu kuuzwa 2008 kama chakula kipya. Sawa, una vitamini C, mkulima wa mbuyu akipata chochote mimi nafurahi. Ninachokataa ni kuuita dawa. Na hiyo spirulina nimeisoma vizuri Edo, ni kile kijani cha kwenye maji ya magadi kinacholiwa na flamingo wa Ziwa Natron. Protini inayo nyingi sibishi, lakini vile vidonge unameza gramu chache kwa siku, protini yake haifiki hata bakuli la maharage, na bei yake unanunua maharage ya mwezi

Neema: Mama naomba nami niseme, maana watu watadhani huku wote wamerukwa na akili. Mimi nanunua oganiki kwa mtoto na sijutii. Sinunui kwa sababu inatibu, nanunua kwa sababu mabaki ya sumu za kunyunyizia ni machache, hilo lina ushahidi. Watafiti wa Stanford kule Marekani 2012 walipitia tafiti zaidi ya 200, kwenye vitamini hawakuona tofauti ya maana lakini kwenye mabaki ya sumu za kunyunyizia, oganiki ilikuwa na nafuu. Na kuna maji ya chini ya ardhi na wale vibarua wanaopiga dawa, nao ni watu

Mama Neema: Hapo mwanangu nakuunga mkono. Nyumbani mtu anapiga dawa nyanya leo, kesho kutwa zipo barabarani, bomba kabeba mgongoni bila kitambaa cha mdomo wala glovu. Hiyo ndo vita ya kweli, na ingekuwa oganiki inaongelewa hivyo dukani ningekaa nisikilize mpaka jioni

Shangazi Rehema: Nami niulize, oganiki maana yake hawapigi dawa kabisa?

Neema: Wanapiga Mama mdogo, ila zile zilizoruhusiwa. Kopa (shaba), salfa, na mojawapo ni pareto

Shangazi Rehema: PARETO HII YETU??

Neema: Hiyohiyo. Inaruhusiwa kwa sababu inatoka kwenye ua na ikikutana na jua haikai sana

Shangazi Rehema: Jamani! Tumesomeshwa na pareto sisi. Tunachuma maua yaliyofunguka, tunaanika kwenye mikeka na yakipata mvua umekwisha, ukifika kwa mnunuzi anapima kiwango cha sumu ndo anapanga bei. Sumu ikiwa ndogo hela ndogo. Kwa hiyo mkulima wa Mufindi yumo kwenye hilo tufaha la oganiki na hakuna anayemtaja

Edo: Sawa nimewaelewa ila bado nasema kitu cha asili hakidhuru, Baba ajaribu tu si atakuwa hajapoteza

Mama Neema: Edo subiri. Jirani wa Neema wa ghorofa ya chini, mama mwema katuletea supu tangu mtoto azaliwe, juzi kanikaribisha chai nikaona kopo mezani, mbegu za aprikoti chungu kaagiza mtandaoni. Anatafuna kila asubuhi eti zinazuia saratani. Nikaonja moja, uchungu wake nikaujua palepale. Mwambieni Baba Neema aeleze

Baba Neema: Huo ni uchungu wa mhogo mchungu. Kwetu Newala mtoto mdogo anajua, mhogo huo unamenywa, unaanikwa makopa, wengine wanauloweka mpaka ulainike, ndipo uliwe. Sumu ni sianidi. Tarime miaka ya 80 kwenye ukame watu walikula ambao haukuandaliwa vizuri wakapooza miguu, na wengi wao watoto na akina mama. Mhogo ni wa asili asilimia mia Edo

Neema: Na zile mbegu ni sianidi hiyohiyo. 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa onyo, mtu mzima akila zaidi ya tatu ndogo kwa mkupuo anaweza kuvuka kiwango salama. Nimemtafsiria jirani yote, amesema atamuuliza daktari wake. Na Edo, 2011 hukuhuku Ujerumani watu zaidi ya 50 walikufa kwa bakteria, maelfu waliugua, wengine figo zilifeli. Chanzo kilikuja kugundulika ni uwatu uliooteshwa, ile miche yake wanayokula mbichi kwenye kachumbari, na shamba lilikuwa la oganiki. Mbegu zilitoka Misri. Lebo ilikuwa sahihi kabisa, ila bakteria hawaioni lebo

Edo: Dah. Uwatu huu wa kwenye pilau?

Neema: Huohuo

Joyce: Nimetoka zamu nimewasoma wote. Baba naongea na wewe sasa, kama binti yako na kama muuguzi. Hiyo metformini, vidonge vyako vya sukari vya hospitali, chanzo chake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Mmea wenyewe kondoo akiula unaweza kumuua. Wataalamu wakatafuta kiini kinachofanana nacho ambacho mwili unakistahimili, na 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatoa matokeo yake kwa wagonjwa wa sukari. Kwa hiyo asili unayo tayari, tena iliyopimwa. Kuhusu tumbo usimeze kabla ya kula, meza katikati ya chakula au ukimaliza tu, na kuna aina inayoyeyuka taratibu ambayo wengi haiwasumbui, daktari anaweza kukubadilishia. Tumbo likivurugika unarudi kliniki Baba, huachi kimyakimya. Juzi kabla ya chai kipimo chako cha sukari kilisoma 12, hiyo inanikosesha usingizi

Baba Edo: NILIKUWA NARUKA SIKU NYINGINE. TUMBO LILIZIDI

Joyce: Asante kwa kusema Baba. Jumanne ni kliniki, nakuja Mafinga Jumatatu jioni tuende wote

Edo: Baba samahani, nilitaka upone. Shangazi achana na spirulina, ile hela Neema aitumie kwa mtoto

Mama Neema: Hapana, hela ni ya baba yako na itarudi kwake. Kaka, niambie unataka nini kutoka huku, kitu cha kukusaidia kweli

Baba Edo: VIATU. MAFINGA BARIDI. NAMBA 43

Joyce: Shangazi viwe vya ngozi laini, vilivyofungwa mbele, visibane vidole kabisa, na chukua 44 kama 43 yao ni nyembamba. Miguu ya mwenye sukari haitakiwi kupata hata lengelenge. Na soksi za pamba zisizo na mpira mkali juu

Mama Neema: Nimeandika. Neema anasema duka linafunguliwa Jumatatu saa nne