Gumzo la Wajukuu wa Bibi: Jumamosi tunatembea hadi Irente

ALHAMISI

Mjomba Athumani, 20:14
Assalam aleykum ukoo. Jumamosi yetu imefika. Napendekeza twende Irente, ule mwamba wa ukingo wa milima yetu ya Usambara, kwa miguu kutoka Lushoto mjini. Ni kama kilomita 6 kwenda. Tukiondoka saa moja na nusu asubuhi, saa nne tutakuwa ukingoni hata tukitembea na watoto.

Shangazi Zaina, 20:17
Waaleykum salaam kaka. Barabara ipo na gari lipo. Watoto tunawatesa kwa sababu gani?

Mjomba Athumani, 20:25
Zaina, nimefika Irente kwa gari na nimefika kwa miguu. Kwa gari unashuka, unapiga picha, unarudi. Kwa miguu unapishana kwanza na kina mama wanaoteremka sokoni na matenga ya kabeji na karoti kichwani. Unapita mashamba, unapita miti, unapanda, unashuka, unapanda tena, mpaka mwili unakubali kwamba Usambara ndivyo ilivyo. Halafu ghafla ardhi inakatika! Mbele hakuna kilima kingine, ni hewa tupu. Mazinde iko chini ya miguu yako, karibu mita 1,000, mabati yake yanametameta kama punje za mchele. Nataka watoto wakutane na ukingo ule wakiwa na jasho mgongoni.

Rehema, 20:27
Mimi natembea 🙋🏾‍♀️ Mjomba, tutaona mbega?

Mjomba Athumani, 20:29
Mbega ni msitu wa Magamba, mwanangu, upande mwingine wa mji. Ile ni hifadhi, ina kibali chake na siku yake. Irente tunakwenda kutazama ukingo. Njiani angalia vichakani lakini, kuna vinyonga wa huku, dume ana pembe mbili puani.

Kaka Juma, 20:41
Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Naomba niongeze neno la darasani, kwa sababu kila mwaka nawafundisha watoto hili na wengi hawajaliona kwa macho. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja na unyevu, unaigonga milima yetu, unalazimika kupanda, unapoa, mvua na ukungu vinashuka huku juu. Ukivuka ukingo wa magharibi umeshakauka. Ndiyo maana Lushoto mtu anavaa sweta na chini ya Irente kuna mkonge na nyika ya Wamasai hadi macho yanapochoka. Pale mwambani umesimama kwenye mstari wenyewe, mgongo kwenye baridi, uso kwenye joto linalopanda kutoka bondeni. Kitabu changu chote cha jiografia hakina ukurasa unaoufikia mwamba ule.

Shangazi Zaina, 20:44
Marahaba Juma. Umesema vizuri. Lakini hamjanijibu kuhusu Bibi. Bibi hawezi kilomita 6 na magoti yale, na kumwacha nyumbani mimi sikubali.

Rehema, 20:52
Niko na Bibi hapa. Nimemsomea yote. Ananiambia niandike, yeye anasema mimi naandika.

Rehema, 21:03
BIBI ANASEMA: Mimi Irente siendi kutazama, naijua. Nilikuwa msichana, sijaolewa bado, tulikuwa tunateremka ule ukuta na ndizi kuwapelekea watu wa mkonge Mazinde. Njia ilikuwepo, imejikunja kama utumbo wa mbuzi. Tunaondoka usiku tufike chini jua halijawa kali, kwa sababu la kule si jua la huku. Tunauza, tunanunua chumvi na samaki wakavu, tunapanda jioni. Kupanda kunataka pumzi, na pumzi ukikaa inarudi. Kushuka kunakula magoti. Haya magoti mnayoyasikitikia yaliliwa pale.

Kaka Juma, 21:05
Bibi 🙏🏾 Sijawahi kulisikia hili.

Rehema, 21:12
BIBI ANASEMA: Hamkuuliza. Na siku hizo upande wa huku ulikuwa na kelele za matuta. Mwingereza alilazimisha watu wachimbe matuta kwenye miteremko, anayekataa anashitakiwa. Baba yangu alichimba na hasira zake zote. Udongo ulikuwa unateremka kweli, hilo si uongo, lakini mtu analimishwa shamba lake mwenyewe kama kibarua! Baadaye watu waligoma, wakayaacha.

Kaka Juma, 21:15
Ni kweli kabisa. Mpango ule ulikuwa wa miaka ya 1940 na 1950, na huku Usambara ulipingwa mpaka ukafa. Leo wakulima wenyewe wanachimba makinga maji na kuotesha majani ya ng'ombe kwenye kingo, hakuna askari anayewasukuma. Tutawaonyesha watoto njiani.

Dada Mwanaidi (Bremen), 21:30
Jamani mnaniliza huku. Nimesoma tangu juu. Kwenye dirisha langu nina lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, wenyewe wanaliita African violet, kila duka la maua hapa wanaliuza. Jirani yangu mzee alishangaa nilipomwambia limetoka kwetu. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekaa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwa baba yake mwaka 1892, na tangu hapo wamelizalisha rangi zote. Nitafutieni hata moja la porini mnipigie picha.

Mjomba Athumani, 21:36
Mwanaidi, tutatazama, ila hilo linapenda miamba yenye kivuli na maji, na liko zaidi Usambara Mashariki, upande wa Amani. Nisikuahidi. Nikiona, silichumi, nakupigia picha.

Shangazi Zaina, 21:40
Basi nimepata la kusema. Mimi nitaendesha na Bibi, tutawakuta palepale mwambani. Waliobaki tembeeni.

Mjomba Athumani, 21:41
Hapo umemaliza kila kitu dada yangu.

IJUMAA

Mjomba Athumani, 12:05
Mambo machache niyaseme mara moja. Kipupwe hiki asubuhi ni baridi kweli, sweta kwa kila mtoto. Raba zenye meno, yeboyebo hapana, udongo mwekundu wa huku ukipata umande unateleza kama sabuni. Kijana wa kutuongoza nimeshaongea naye, ana kitambulisho, anazijua njia za kando zinazokwepa vumbi la barabara. Kiingilio cha ukingoni kinalipwa pale pale.

Mjomba Athumani, 12:09
Na hili nalisema kwa uzito. Mwamba ule hausamehi. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 12 anashikwa mkono kuanzia miti ya mwisho. Hakuna kurudi nyuma hatua moja eti picha itoke vizuri. Nikimwona mtu anafanya hivyo, tunageuza wote.

Rehema, 12:10
Nimekusikia Mjomba. Simu itakaa mfukoni mpaka tukae chini.

Kaka Juma, 12:31
Chakula je?

Mjomba Athumani, 12:33
Njiani kuna shamba la kanisa la Kilutheri, Irente Farm. Wana mkate, jibini na jemu vya kwao wenyewe. Tusibebe mzigo, tukanunue pale wakati wa kurudi. Maji tu kila mtu abebe.

JUMAMOSI

Kaka Juma, 07:48
Tumeondoka. Watu 11. Ukungu umekaa juu ya mji, tunasikia jogoo na hatuoni nyumba.

Dada Mwanaidi (Bremen), 07:50
Nipo macho. Endeleeni kutuma.

Kaka Juma, 08:35
[picha] Mteremko huu mmoja una mahindi, maharage, kabeji na migomba, na kila ukingo una majani ya ng'ombe. Mzee mwenye shamba ametueleza kwamba asipoyakata majani kwa zamu, mvua moja ya masika inaondoka na mbolea yake yote mpaka kwenye barabara ya Soni. Watoto wamemuuliza maswali kuliko wanavyoniuliza mimi mwaka mzima.

Rehema, 08:58
[picha] KINYONGA!! Pembe mbili kama Mjomba alivyosema. Ameshika kijiti kwa mikono miwili kama mzee mwenye fimbo. Hatukumgusa.

Dada Mwanaidi (Bremen), 09:00
Mashaallah.

Kaka Juma, 09:20
Kuna sehemu miti ya asili imebaki mistari miwili tu pembeni ya njia, zaidi ya hapo ni mikaratusi. Nimetembea pale kimya. Chini ya mikaratusi majani ni makavu na hakuna ndege. Ukiingia kwenye ile mistari miwili, baridi inabadilika, udongo unakuwa mweusi, unasikia maji mahali. Niliwaambia watoto wafumbe macho watembee hatua ishirini wanitajie wameingia msitu upi. Wote walijua.

Shangazi Zaina, 09:41
Sisi tumefika. Bibi amekaa kwenye jiwe, mimi nimekaa ubavuni kwake nimemshika kanga. Ukungu umeanza kunyanyuka kutoka chini. Hasemi kitu.

Kaka Juma, 10:02
Tumefika. Mdogo wa Rehema alikuwa anaimba njia nzima. Ardhi ilipokatika alinyamaza, akanishika suruali.

Rehema, 10:10
[picha] Tumekaa chini wote, ndiyo natoa simu. Ile nyeupe ni barabara ya Mombo, huo uzi mwembamba ni reli ya Tanga kwenda Moshi. Mistari ya kijani iliyonyooka kama daftari ni mkonge. Mwewe anaruka CHINI yetu, nimeona mgongo wake!

Rehema, 10:19
BIBI ANASEMA: Jua lilikuwa linatupiga pale kwenye ile mibuyu. Tulikuwa tunapumzika pale, tunatua ndizi. Watu wa mkonge walitoka makabila yote, mmoja alitufundisha kuhesabu Kimakonde. Babu yenu nilimwona mara ya kwanza pale, alikuwa kwenye foleni ya chumvi. Alinipisha.

Dada Mwanaidi (Bremen), 10:21
Bibi hajawahi kutuambia walikutana wapi 😭

Shangazi Zaina, 10:22
Hata mimi mwanawe nimesikia leo.

Mjomba Athumani, 10:30
Tumekaa. Hakuna anayetaka kuondoka. Joto la bondeni linapanda usoni kama Juma alivyosema, na mgongo bado una baridi. Bibi anawaonyesha watoto kwa fimbo njia ilipokuwa inapita, mkunjo kwa mkunjo. Kijana anayetuongoza amechuchumaa anasikiliza naye. Anasema mikunjo mitatu ya juu bado inapitika.

Shangazi Zaina, 11:25
Bibi amekataa kupanda gari. Anataka kutembea mpaka shambani kwenye mikate. Nimemwambia magoti, anasema njia hii ni ya tambarare na ana wajukuu wa kushika.

Kaka Juma, 11:27
Mimi mkono wa kulia, Rehema wa kushoto. Pole pole. Tumeshaanza.

Shangazi Zaina, 11:49
Nimeegesha shambani. Nimechukua mikate mitatu na jibini, jemu ni ya plamu. Nawaona kwenye kona, Bibi yuko mbele.