Naomba ushauri: maombi ya fidia ya mifugo iliyokufa kwa mafuriko yamekataliwa

Ndugu wanachama, heshima kwenu. Mimi ni mfugaji mdogo wa mbuzi katika kaunti ya vijijini hapa Marekani, kwenye shamba la kukodi. Mafuriko yaliua mbuzi wangu 23 kwa usiku mmoja, nami nikaomba fidia chini ya mpango wa serikali kuu wa mifugo iliyokufa kwa hali mbaya ya hewa, ambao hulipa asilimia 75 ya wastani wa bei ya soko kwa kila mnyama.

Maombi yamekataliwa kwa sababu sikuthibitisha idadi niliyokuwa nayo kabla ya maafa. Picha za mizoga ninazo, tena nyingi kuliko ninavyopenda kuzitazama, lakini mbuzi wengi nilinunua kwa fedha taslimu bila risiti, na wengine walizaliwa zizini.

Barua inanipa siku 30 kuomba kamati ya kaunti, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wakulima wenyewe, ipitie upya uamuzi huo, au kwenda kwenye usuluhishi, au kukata rufaa ngazi ya taifa. Mimi naelekea kuanza na kamati, kwa kuwa wajumbe wanayafahamu mafuriko yale.

Je, kuna aliyewahi kukubaliwa kwa maelezo ya maandishi ya jirani asiye na maslahi katika mifugo, pamoja na kumbukumbu za chanjo? Na mkataba wa mdomo na mwenye shamba unaweza kunikwamisha? Zimebaki siku 19.