Nimeuliza swali moja tu darasani, nimetumwa nikanywe uji!!

Wakuu, natoka darasani sasa hivi, mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Mnamjua. Yule mhadhiri wa "jisomeeni". Simtaji, nina mtihani wake na kukeri, yaani kulirudia somo mwakani, sitaki. Yule anayeingia na flashi shingoni kama hirizi, anachomeka, slaidi 87, anasoma neno kwa neno mpaka nukta, akifika "Asanteni kwa kunisikiliza" anachomoa, huyo kaondoka.

Leo slaidi ya 14. Kuna kimchoro kina mishale inapishana kama siafu. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa adabu zote nilizofundwa nyumbani: "Samahani Dokta, huu mshale wa tatu unarudi wapi?"

Akavua miwani. Akaipangusa kwa tai. Watu 300 kimya. Akasema: "Kijana, chekechea iko ng'ambo ya barabara. Ukiwahi utakuta uji."

UJI, wakuu.

Darasa likacheka mpaka projekta ikazimika. Hata yule binti ninayemwelekezaga takwimu pale kimbweta kila Jumanne, amecheka kainamia dawati, mabega yanaruka. Na chekechea kweli ipo, na saa ile walikuwa wanakunywa uji kweli, harufu ya iliki inaingia dirishani! Hapo ndipo panaponiuma.

Eti somo lina krediti 12, krediti moja saa 10, jumla saa 120. Yeye ana saa 3 kwa wiki, wiki 15, anatoa 45, zile 75 "ni zako na Mungu wako". Sawa, hesabu nimeielewa! Mshale unarudi wapi? Nimekimbilia maktaba, kitabu alichotutajia kipo kimoja, na hicho kimoja sura ya 6 imenyofolewa kwa wembe. Nimejisomea jalada.

Na kujisomea sikatai. Mimi wa shule ya kata, hisabati hatukuwa na mwalimu tangu kidato cha pili, nimetoboa kwa madesa, yaani notsi za kurithi kwa binamu, na tochi ya simu. Leo mimi ndiye wa kuambiwa nikanywe uji?

Nawasilisha.

Bibi Supu: Pole mkuu. Uji wa ulezi au wa dona?

Mzee wa Madesa: Mshale unarudi mwanzo, ipo slaidi ya 15. Ungevumilia dakika mbili usingetumwa popote.

Mleta uzi: @Mzee wa Madesa slaidi ya 15 ALIIRUKA. Kwa hasira za swali langu.

Kipanga Mstaafu: Vijana mnalia sana. Ebbinghaus, yule mwanasaikolojia Mjerumani, alishaonyesha tangu 1885 kwamba usichokirudia kinayeyuka upesi, na kingi kinaondoka mwanzoni kabisa. Funga daftari, andika unachokumbuka, ndipo ufungue uone ulipopotea. Kesho rudia, wiki ijayo rudia. Kupaka kitabu kizima rangi ya njano siyo kusoma, ni kupaka nyumba. Mimi nilikuwa nakaza dakika 25, napumzika 5.

Bibi Supu: Na hizo 5 ndizo anazokuja kutuhutubia humu.

Chumba 212: Kujisomea msinitajie. Ninayelala naye chumba kimoja yuko sheria, anasoma KWA SAUTI kuanzia saa tisa usiku. Anashtaki, anajitetea, anajihukumu. Juzi kaniamsha niwe shahidi.

Kundi la Tano: Afadhali huyo anasoma. Sisi tuko 8, asaimenti nimeandika peke yangu usiku kucha. Mchango pekee nilioupata ni ujumbe saa kumi na moja alfajiri: "Jina langu lina h mbili, usisahau."

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye uji.

Msuli Mtupu: Na wale wa kuwahi maktaba saa kumi na mbili, anaacha chupa ya maji tupu ilinde kiti, yeye karudi kulala? Jana nimesimama na daftari mpaka saa nane, chupa imekaa.

Chumba 212: @Msuli Mtupu ni wewe ulikunywa yale maji?? Ile chupa haikuwa tupu.

Msuli Mtupu: Tusifike huko.

Mzee wa Madesa: Desa la slaidi zote 87 ninalo, na majibu ya mitihani iliyopita nimeyasolvu kwa mkono. Lipo stesheneri ya pale getini, ulizeni la Mzee.

Bibi Supu: Hilo desa ndilo lililonipa supu, ule mtihani wa marudio, na hili jina.

Mleta uzi: Jamani mtu ametukanwa hapa. Mbele ya watu 300. Kwa iliki.

Kundi la Tano: Samahani nje ya mada, bumu, ile hela ya mkopo, limeingia kwa mtu yeyote?

Chumba 212: Wa mwaka wa pili limesoma asubuhi hii.

Mleta uzi: Limeingia kweli? Benki gani?