Nasari ilitukataza Kiswahili nyumbani, sasa mtoto kanyamaza

Wanajukwaa, nina hasira na siifichi.

Mwanangu ana miaka miwili na miezi mitano. Kabla ya kuanza nasari moja hapa Kampala alikuwa kasuku. Mama yake ni wa Arua, mimi nimekulia kambini, mzee alikuwa askari. Kiswahili ndicho tunachochekea na ndicho tunachogombania. Nikimwogesha ni porojo tupu: "Lete mguu. Na huu mbona una tope? Ulikanyaga wapi, kwa kuku?" Anadakia "kuku!" kisha anaongeza lake.

Februari mwalimu akatuita. Eti mtoto anachanganya lugha, nyumbani iwe Kiingereza tu. Tukatii, wajinga sisi! Kiingereza changu ni cha ofisini, cha mama watoto ni cha kuuzia vitenge. Kilichobaki ni amri: kaa, njoo, kula, acha. Porojo za bafuni zikafa. Kimya tukakijaza katuni za simu, za Kiingereza lakini. Miezi mitatu sasa mtoto ananyoosha kidole tu, usipomwelewa analia.

Na kuchanganya lugha ndiyo kosa gani? Mimi huchanganya tatu kabla sijafika steji ya boda.

Nimekaa nikasoma, hasira ikazidi. Mwaka 2003 huko Marekani, mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichukua watoto wa miezi tisa, wakawaletea watu wanaozungumza Kichina, wakawasomea na kucheza nao ana kwa ana, vikao 12. Watoto wakaweza kutofautisha sauti za Kichina. Wenzao waliooneshwa watu walewale kwenye televisheni hawakuambulia kitu. Mimi ndiyo nimemwachia wangu simu mchana kutwa!

Halafu Julai 2022 baraza la mawaziri letu lilipitisha Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo nalipa ada anyang'anywe leo, akifika msingi nilipe tena arudishiwe?

Tangu Jumapili nimerudi kwenye porojo zangu. Jana bafuni kasema "tope". Basi, hilo moja tu.

Sasa nauliza: muhula wa pili wanadai ada yote kabla ya kufungua. Kuna mzazi aliyewahi kugomea agizo la namna hii na mtoto wake asirudishwe nyumbani? Ulisema nini pale ofisini?