Injinia kuingia kesi za patenti, kuna mtu hapa amepitia hii njia?

fundi_njoro
Habari zenu wakubwa. Niko Nakuru, nilisomea mekanika, na miaka sita sasa tunaunda chafukata za kukatia ng'ombe majani. Kuna rafiki yangu alibuni namna rola ya juu inaelea kwa springi ndio majani mazito yasikwame, akapata cheti chake cha kulinda huo ubunifu kabisa, mwaka haujaisha kampuni fulani inauza kitu kilekile. Nikamsindikiza kwa wakili. Wakili ni mtu mzuri lakini muda wote ni mimi nilikuwa namchorea kwa karatasi vile hiyo rola inapanda na kushuka, ndio nikajiuliza mbona hii kazi nisiifanye mimi. Nina miaka 31, mke na mtoto mmoja. Nikirudi kusomea sheria itanifaa kweli? Na nasikia Marekani lazima uwe na digrii ya sayansi, huku ni hivyo pia?

wakili_wa_ziwa
Ndugu, mimi nilikuwa injinia wa maji, sasa ni wakili hapa Kisumu. Digrii ya sheria miaka 4, halafu Kenya School of Law na pupileji, yaani kujifunza kazi chini ya wakili, ya miezi 6, na uangalie gredi zako za KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, za Kiingereza na Kiswahili kabla hujalipa karo hata shilingi. Ya Marekani, digrii ya sayansi inatakiwa kwa wale wanaoandikisha patenti pale USPTO, ofisi yao ya patenti, lakini kusimama kortini na kesi ya patenti inatosha kuwa wakili. Huku kwetu kesi ya kunakiliwa inaanzia kwa Tribunali ya Mali ya Viwanda, rufaa inaenda Mahakama Kuu.

Sasa kazi yenyewe. Usingizi utakunyima kwa yale madai, zile sentensi ndefu za mwisho zinazosema mwenye patenti anamiliki nini hasa. Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya pampu, mteja anaapa ameibiwa, nikafungua pampu zote mbili juu ya meza ya ofisi mpaka oili ikamwagikia faili. Dai lake lilitaja vitu vitano, kimoja ni valvu "iliyo ndani ya silinda". Ya mwenzake valvu ilikaa kwa bomba, nje kidogo tu, kama inchi moja. Hiyo inchi moja tulibishania miezi minane. Hapo uinjinia ulinisaidia sana, lakini pia uliniponza, kwa sababu injinia akiona mashine mbili zinafanya kazi sawa anasema ni kitu kimoja, na sheria inauliza maneno yanasema nini. Tafuta pia ile kesi ya kampuni za Sanitam na Rentokil, pipa la sodo la kukanyaga na mguu, ilifika Mahakama ya Rufani.

mama_wa_majiko
Kijana soma tu, tunawahitaji sana huku Kibuye. Mimi nilionyesha jiko langu kwa shoo watu wakapiga picha, nikaenda kuandikisha baada ya miaka miwili nikaambiwa nimechelewa, sheria inakupa miezi 12 tu tangu ulionyeshe hadharani. Nililia. Wakili mwenye anajua chuma angeniambia siku ileile.

injinia_kakamega
Kabla ya kuacha kazi jaribu kuwa shahidi mtaalamu kwanza, unaandika ripoti, unahojiwa na wakili wa upande ule mwingine mpaka jasho likutoke, utajua kama una moyo wa hii kitu. Halafu huyo rafiki yako cheti chake ni patenti ya miaka 20 ama ni yutiliti modo, ile ya ubunifu mdogo, ya miaka 10? Na dai la kwanza linasemaje, neno kwa neno?

fundi_njoro
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempigia sai, ni yutiliti modo, na dai la kwanza linasema springi mbili, moja kila upande wa rola. Mimi nilikuwa namchorea wakili rola, springi hata sikuzihesabu. Kesho asubuhi naenda kwa duka wanauza ile ya kampuni, niwaombe wafungue kifuniko.