Mafundi wa mitumbwi Bukavu, acheni kupaka verni (vanishi) juu ya mbao mbichi!

Rangi ikibanduka kabla ya mwaka, fundi ana jibu lake tayari: "Maji ya Kivu ni makali." Ziwa linasingiziwa! Kinachobandua ni maji yaliyokuwa ndani ya ubao siku mliyopaka. Jua likiupiga yanageuka mvuke, yanatafuta pa kutokea, verni inainuka malengelenge. Mkaratusi unatoka msumenoni Jumatatu, Ijumaa umeshapakwa. Aibu.

Na msiniambie "nimeugusa, umekauka". Kata kipande katikati ya ubao, si nchani, maana ncha hutangulia kukauka. Kipime, kiweke kwenye tanuri la mikate, joto la digrii 100 hivi, kipime tena na tena mpaka uzito usishuke. Kikitoka gramu 200 kikabaki 160, maji ni 40. Gawa kwa 160, si kwa 200 (hapa wengi hujidanganya): asilimia 25. Huo hata kopo la verni usifungue, ngoja ushuke mpaka asilimia 15. Ubao mgumu wa sentimita 2.5 unaweza kutaka mwaka mzima chini ya bati, umepangwa na vijiti katikati upepo upite. Kupaka ni Juni mpaka Agosti, kabla mvua haijarudi. Mteja ana haraka? Mwambieni ukweli kabla ya kula avansi (malipo ya awali) yake.

Ncha nazo! Ndiko ubao unakonywea maji, nanyi mnapitisha brashi mara moja. Verni ya kwanza ichanganywe na terebentini nusu kwa nusu, irudiwe nchani ingali mbichi mpaka ubao ukatae kunywa. Halafu matabaka manne ya verni tupu, msasa namba 220 kila katikati. Matundu ya misumari vilevile.

Wanaotia mafuta ya vidanji (oili chafu ya injini) "kulisha ubao" ndio wananiudhi zaidi. Yale hayakauki, hakuna rangi itakayoshika juu yake, na yanaishia mle tunamovua sambaza.

Wauzaji nanyi: epoksi, ile gundi ya kuchanganya na kikaushio chake, mnaimimina kwenye chupa za maji bila karatasi ya vipimo. Kuna ya 2 kwa 1, kuna ya 5 kwa 1. Ikikosewa inabaki ulimbo, na kuzidisha kikaushio hakuiharakishi, kunaiharibu.

Jibu la 1: Mkubwa, kwa mtumbwi wa mbao za kupigilia, epoksi ni hasara hata ikipimwa vizuri. Mbao zinavimba majini, zinasinyaa nchi kavu, epoksi haichezi nazo. Inapasuka kwenye maungo, maji yanaingia nyuma yake, ubao unaozea humo. Kwenye maungo ni pamba na gudroni (lami). Na pamba isishindiliwe sana: mbao zikivimba zinang'oa misumari.

Mwenye uzi: Kweli kabisa. Epoksi ni ya tripleksi (plaiwudi), na juu yake verni ya kukinga jua, la sivyo jua linaila. Ila si kila tripleksi. Chemsheni kipande saa moja. Matabaka yakiachana, hiyo tengenezeeni kabati.