Digrii ya wikendi iwe ya miaka minne. Nani anapinga, na kwa nini?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi.

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mji umejaa watu wenye ajira ya kudumu na cheti au diploma, na wote wanataka shahada. Vyuo navyo havikulala. Tuna UDOM kule kilimani, tuna CBE, Mipango na Mtakatifu Yohana, na matangazo ya masomo ya jioni na wikendi utayakuta yamebandikwa mpaka kwenye nguzo za umeme. Mimi mwenyewe nimesoma hivyo hivyo, Jumamosi na Jumapili, huku nikifanya kazi ya stoo Kizota. Kwa hiyo simdharau mtu hapa, madawati yale nimeyakalia.

Ninachosema ni hiki: miaka mitatu haitoshi, na wanaotuuzia wanajua.

Piga hesabu. Kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, shahada ya kwanza ni krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Humo kuna darasa, kusoma mwenyewe, mazoezi na mitihani. Jumla saa 3,600, yaani 1,200 kwa mwaka ukisoma miaka mitatu. Sasa chukua chuo kinachojituma kweli: saa nane Jumamosi, saa nane Jumapili, wiki 15 kila semista. Kwa semista mbili za mwaka unapata saa 480. Zile 720 zilizobaki unazitafuta mwenyewe usiku, karibu saa 14 kila wiki ya mwaka, wiki ya Idi na ya Krismasi zikiwemo. Kumbuka sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamruhusu mwajiri kukufanyisha kazi saa 45 kwa wiki kabla ya ovataimu. Ongeza 16 za darasani, ongeza na hizo 14. Wiki ya semista ina saa 75, na bado hujapanda daladala, hujaenda msibani, hujakaa kikao cha harusi.

Hakuna mwenye saa hizo, basi zinakatwa kimyakimya. Mada ya wiki tatu inamalizwa asubuhi moja. Kitini kinarushwa kwenye kundi la WhatsApp. Kazi ya kikundi anaifanya mmoja, wanne wanaweka majina. Ripoti ya utafiti ya mwaka wa mwisho ndiyo usiseme, kuna watu mjini hapa wanalipa kodi ya nyumba kwa kuziandika. Mwisho wa siku mwajiri anatamka kwamba digrii za wikendi ni nyepesi, na aliyekesha kweli anawekwa kapu moja na aliyeandikiwa.

Pendekezo langu: mwenye ajira anayesoma wikendi asome miaka minne, krediti 90 kwa mwaka. Ni saa 900. Toa 480 za darasani, zinabaki 420, kama saa nane kwa wiki. Hizo mtu mwenye familia anazimudu. Na chuo kisiruhusiwe kumtangazia miaka mitatu.

Karibuni.

Muuguzi wa zamu

Kaka yangu, umehesabu kama mtu wa Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi wikendi siijui. Kila Jumamosi ninayoingia darasani nimeinunua kwa mwenzangu kwa kumlipa zamu ya usiku, na Jumapili nyingine natoka wodini asubuhi naenda moja kwa moja chuoni na sare kwenye mkoba. Kwako mwaka wa nne ni wa kupumua. Kwangu ni mwaka mwingine wa kuwabembeleza wenzangu wanibebee zamu.

Halafu ada hukuigusa kabisa. Bodi ya Mikopo haimpi mtu mwenye ajira rasmi, ni moja ya masharti yao. Sisi tunalipa kwa mshahara, kwa kikoba, kwa kukopa benki. Mwaka wa nne maana yake ada ya nne. Mwanangu mkubwa anaingia kidato cha kwanza wakati mimi namaliza, na pesa ya mwaka huo imeshapata mwenyewe.

Na kwetu watumishi wa umma kuna jingine. Mwenye shahada anaanzia ngazi ya mshahara ya juu kuliko mwenye diploma. Kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishiwa ngazi ya wenye shahada, kwenyewe kunasubiri nafasi kwenye bajeti. Ukinichelewesha mwaka chuoni, umenisogeza nyuma ya foleni ambayo tayari ni ndefu.

Dereva bajaji, Area C

Hata mkiweka miaka saba, wa kuandikiwa ataandikiwa tu. Mimi nawabeba wanaopeleka flashi kwa waandishi wao.

Mwalimu wa sekondari, Kongwa

Nashangaa tunajadili kama vile jambo hili ni jipya. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kupokea wanafunzi 1994, na kilianzishwa kwa ajili yetu sisi tulio kazini. Kina kituo hapa Dodoma. Unachukua masomo kadiri ya nafasi yako, unafanya mtihani ukiwa tayari.

Najua kwa nini watu wanakikwepa. Huria hakuna wa kukusukuma. Unabaki na kitabu chako chini ya taa huku nyumba nzima imelala, na wengi wanaishia njiani. Darasa la wikendi lina wenzako, lina mtu wa kukuuliza mbona wiki iliyopita hukuonekana. Hilo ndilo watu wanalolipia zaidi, hata kuliko mhadhiri.

Kwa hiyo sikubaliani na minne ya lazima, na mitatu ya lazima siikubali pia. Mtu achague mzigo wake.

Msabato, Miyuji

Wakati mnagawana saa za Jumamosi, mtukumbuke na sisi tunaotunza Sabato. Mtihani wa Jumamosi saa tatu asubuhi kwetu ni sawa na kuambiwa usije kabisa.

Mhadhiri wa muda

Nafundisha madarasa hayo, sitataja chuo. Saa mbili asubuhi nakuta watu sita. Saa nne darasa limejaa. Saa nane mchana, baada ya wali maharage na joto la Oktoba, nusu wamelala macho wazi. Kwa hiyo zile saa nane za mleta mada ni za kwenye ratiba. Nikitoa kuchelewa, kuita majina na umeme kukatika, zinabaki tano nzuri.

Lakini niwatetee. Watu wazima wanauliza maswali ambayo vijana wa mchana hawayaulizi. Nilikuwa nafundisha usimamizi wa akiba ya bidhaa, nikaandika kanuni ubaoni, mama mmoja mwenye ghala la mahindi Kibaigwa akanyoosha mkono: mwalimu, hapo hujaweka wadudu, na hujaweka mahindi yanavyopungua uzito yakikauka. Tukatumia saa nzima kuisahihisha ile kanuni kwa mahesabu yake. Saa ile sijui utaiandika krediti ngapi.

Kwenye ripoti naungana na wa bajaji. Dawa yake ni kumkalisha mwanafunzi mbele ya wahadhiri wawili na madodoso yake mezani, yale yaliyojazwa kwa kalamu, aeleze kila jedwali limetoka wapi. Dakika 20 zinatosha kumjua aliyeandikiwa. Vyuo vinakwepa kwa sababu ya gharama: wanafunzi 200 kwa dakika 20 ni saa 66 na ushee, mara wahadhiri wawili, na sisi wa muda tunalipwa kwa saa. Tena tunalipwa kwa kuchelewa.

Mleta mada

Mhadhiri, la madodoso mezani nalichukua lote. Lakini linakamata mwaka wa mwisho tu. Aliyerukishwa takwimu mwaka wa kwanza ataeleza jedwali lake kwa kukariri.

Mwalimu wa Kongwa, uhuru wa kuchagua unapendeza kwenye karatasi. Mtu mwenye barua ya kupandishwa cheo inayomsubiri atachagua mzigo mzito kila mara. Darasani kwetu hakuna aliyeomba kupunguziwa, na wengi walikuwa wanaelemewa waziwazi.

Dada muuguzi, kwenye ngazi ya mshahara umenibana, sina jibu. Kwenye ada ninalo: chuo kitoze kwa krediti, si kwa mwaka. Krediti 360 zina bei moja, uzimalize kwa miaka mitatu au minne. Na tuulizane ukweli, wangapi waliobeba supu tatu, ile mitihani ya marudio, mwaka wa pili wakarudia masomo, wakalipa upya? Hao mwaka wa nne wameusoma, ila hawakutangaziwa.

Muuguzi wa zamu

Ada kwa krediti, hapo tuko pamoja. Lakini unasema hakuna aliyeomba kupunguziwa. Mimi niliomba. Nilipojifungua nilienda ofisini kuuliza kama naweza kubeba masomo matatu badala ya sita semista ile, nilipie matatu. Nikaambiwa nichague moja: niahirishe mwaka mzima, au nibebe yote na nilipe yote. Nikabeba yote, nikapata supu mbili.

Kwa hiyo wewe na mwalimu mkienda TCU na hoja zenu, anzeni na hiyo ya masomo matatu kwa ada ya matatu. Mkiipata, ya miaka minne nitaisaini hata kesho.